Nilivyookoa ndoa yangu kwa mbwa kiziwi wa Mtwara

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Mimi ni mzee wenu, nachapa kwa kidole kimoja, hivyo mkiona herufi imekimbia nivumilieni.

Juzi humu ndani kuna kijana aliuliza wapi anaweza kumpata mbwa wa kuchukua kwenye vituo vinavyotunza wanyama waliotelekezwa. Mkamcheka mpaka akanyamaza. Mmoja wenu akamwambia hayo ni mambo ya wazungu wa kwenye TV.

Sasa mimi nilimchukua mbwa wa namna hiyo Mtwara, miaka ya sabini mwanzoni, wengi wenu hamjazaliwa. Na sitii chumvi. Mama watoto wangu yuko hapa pembeni anachambua mchele, kila aya nikimaliza namsomea. Nikiongeza chochote anatikisa ungo kwa nguvu, nafuta.

Tuanze.

Mimi ni mtoto wa Ufukoni, Mtwara mjini. Kazi yangu ilikuwa fundi baiskeli. Siku moja akaja binti anaitwa Zuhura, ameleta baiskeli ya mjomba wake, tairi la nyuma limepata pancha. Pancha ni kazi ndogo sana wakuu, lakini mimi nilikaa nayo mpaka adhuhuri. Niliifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Nikakagua na breki ambazo hakuna aliyezilalamikia.

Kwa kifupi tukaoana.

Kwao Zuhura ni kijijini, upande wa Madimba. Siku hizi mnapajua kwa sababu ya mitambo ya gesi. Enzi hizo ilikuwa mikorosho, mihogo na mchanga. Familia yao asili yao ni ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji. Mama yake, Bi Fatu, alivuka akiwa msichana pamoja na kaka yake, Mjomba Chande, wakaja kulima upande huu. Zuhura alizaliwa hapa hapa.

Na kwa mila zao, mwanaume akioa anahamia ukweni. Unalima shamba la mama mkwe, unapimwa. Ukifaa, unabaki. Usipofaa, mjomba wa mke anaitwa, kinakaliwa kikao, unarudishwa kwenu na baiskeli yako.

Mimi nilikuwa naijua spana. Jembe nilikuwa nalijua kwa kuliona.

Bi Fatu akanipa kazi aliyoona hata mtu wa mjini ataiweza, kuamia nyani. Maana yake unakaa juu ya dungu katikati ya shamba, una debe tupu, nyani wakija unapiga debe na kelele wakimbie wasile mihogo na mahindi.

Siku za mwanzo walikimbia kweli. Nikajiona nimefika.

Baadaye wakanisoma. Nyani ni watu wazima wale, asikwambie mtu. Wakajua saa ninayokwenda kuswali. Wakajua nikipiga debe sishuki. Kulikuwa na dume moja kubwa, begani halina manyoya, lilikuwa linakaa umbali wa kutupa jiwe linanitazama huku linatafuna muhogo, limetulia kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Nikitupa jiwe linasogea kidogo, jiwe linapita, linarudi pale pale.

Mihogo ikaanza kwisha. Na ile mihogo ndiyo chakula cha mwaka, ieleweke hivyo. Tulikuwa tunasubiri na mtoto wetu wa kwanza.

Sasa nieleze kuhusu mimi na Bi Fatu. Kwa heshima za ukwe, yeye na mimi tulikuwa hatuongeleshani moja kwa moja. Salamu ndiyo, "Shikamoo mama," "Marahaba," basi, kila mtu macho chini. Akiwa na jambo lake na mimi anamwambia Zuhura. Zuhura asipokuwepo, anawaambia kuku.

"Nyie kuku," anasema akiwamwagia pumba, nami nimekaa nyuma ya nyumba nasikia kila neno, "nyie afadhali. Mnakula kwangu lakini mnataga."

Jioni moja akawaambia kuku kwamba Mjomba Chande atakuja mahindi yakishakomaa, na kwamba kuna mazungumzo.

Usiku wa siku hiyo nilimhesabia Zuhura mihogo iliyobaki.

(Anasema niandike kwamba yeye alilia. Haya, nimeandika.)

Nikaingia mjini kutafuta rungu, mtego, dawa, chochote. Rafiki yangu mmoja pale gereji akaniambia, "Wewe unahitaji mbwa. Nenda kwa Mama Mbwa."

Mama Mbwa alikuwa muuguzi wa kizungu aliyestaafu, anaishi nyumba moja ya zamani upande wa baharini. Wazungu wengi walipoondoka baada ya uhuru waliacha mbwa wao. Wengine waliwafungulia tu mlango na kupanda ndege. Huyu mama akaanza kuwakusanya. Halafu wakaongezeka wa mitaani, wa sokoni, wenye vidonda, wenye miguu mitatu. Akajenga mabanda nyuma ya nyumba. Watu wa mjini walimwona amechanganyikiwa, lakini mtu akiumwa jipu alikuwa anajua pa kwenda, kwa hiyo walimheshimu.

Nikafika, nikabisha hodi. Wakuu, nilifanyiwa interview ambayo hata wanaoomba kazi bandarini hawafanyiwi.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka kuliko changu.

"Je, umewahi kumpiga mnyama?"

Nikafikiri. Nikasema niliwahi kumpiga jogoo teke.

"Kwa sababu gani?"

"Alinianza yeye."

Nadhani jibu lilimridhisha, maana alifungua geti.

Humo ndani ilikuwa vurugu. Mbwa wananirukia, mmoja ananivuta suruali, mwingine amekwenda kukojolea baiskeli. Kila ninayemnyooshea kidole, Mama Mbwa ananiambia huyu hapana, ana shida ya moyo, huyu ameshaahidiwa mtu, huyu anang'ata wanaume wenye kofia. Mimi nilikuwa na kofia.

Kwenye kivuli nyuma kabisa alikuwepo mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, amekaa wima, hajishughulishi na mtu. Nilipopita akainuka, akaja akaegemea baiskeli yangu. Akakaa hivyo.

"Huyo anaitwa Jumapili," akasema Mama Mbwa. "Aliletwa siku ya Jumapili. Alionekana sokoni, wanasema alifuatana na watu waliovuka mto kukimbia vita. Sitaki kukudanganya. Nimemsemesha Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, hageuzi hata kichwa. Ninaamini ni kiziwi. Kila mtu anayekuja hapa anamkataa."

Nikafikiri, nyani si anawaona kwa macho. Masikio ya nini.

Tena nilimhurumia, nisiwafiche. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kipindi cha kukataliwa.

Mama Mbwa akanionesha kwamba ameshamchanja chanjo ya kichaa cha mbwa, akanifundisha kumkagua kupe, akanipa na kipande cha blanketi alilolalia ili asione ugeni. Akaniambia nikishindwa nimrudishe, nisimtupe njiani. Kisha akamshika uso yule mbwa kwa mikono miwili, akamwambia maneno kwa lugha yake. Mbwa akawa anaangalia pembeni kama mtu anayeombewa dua ndefu.

Kumbeba ilikuwa shughuli. Nilifunga tenga kwenye kariya ya baiskeli, nikamweka ndani. Alikaa kama bwana mkubwa. Kila kijiji nikipita watu wanatoka nje kutazama, mmoja akauliza, "Huyo unampeleka hospitali?" Mchanga ukizidi nashuka nasukuma. Yeye hashuki.

Nimefika nyumbani jua linaelekea kuzama. Bi Fatu alikuwa anatwanga. Akainua macho, akaona kilichomo kwenye tenga.

Mchi ukabaki juu.

Hakupiga kelele. Aliweka mchi chini taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikadhani ni mambo ya najisi, maana sisi sote Waislamu. Nikakimbia kwa Maalim Bakari, mwalimu wa madrasa pale kijijini, nikamweleza. Maalim akasema mbwa wa kulinda shamba anaruhusiwa. Ila asiingie ndani, chombo chake kiwe mbali, na akilamba chombo chenu mkioshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Akaja mwenyewe kumweleza Bi Fatu. Bi Fatu akamsikiliza kutoka nyuma ya mlango, akajibu, "Ahsante Maalim," kwa sauti ya mtu aliyetegemea fatwa nyingine.

Ndipo Zuhura akanivuta pembeni.

"Mama ana kovu mguuni. Hujawahi kuliona?"

Ningelionaje mguu wa mama mkwe, wakuu?

Akanieleza. Bi Fatu alipokuwa msichana kule ng'ambo alifanya kazi kwenye shamba la minazi la Mreno. Siku moja aliokota nazi iliyoanguka, akaificha kwenye kanga. Msimamizi akamwona, akamfungulia mbwa. Ilikuwa siku chache tu kabla yeye na kaka yake hawajatoroka kuvuka mto.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniaga unakwenda kutafuta rungu."

Nimemletea mbwa mwanamke aliyeng'atwa na mbwa. Nikaamua palepale, nikipata nafasi ya kwenda mjini, namrudisha.

Lakini siku zikawa zinapita, kazi za shamba hazikuniachia, na Jumapili akabaki. Nilimjengea kibanda mbali, karibu na dungu.

Kama mlinzi, alikuwa hasara tupu.

Namwambia njoo, anatazama bahari. Namwambia kamata, analala. Nyani wakaja, nikamsukuma kwa nyuma aende, akageuka akanitazama kama karani anayetazama barua isiyo na muhuri. Lile dume la bega tupu lilipita mbele yake na muhindi mkononi. Jumapili akapiga miayo.

Watoto wa kijiji wakaniita Bwana Mbwa. Hata Maalim nilimwona anacheka kwenye kanzu.

Bi Fatu akawaambia kuku, "Sasa tuna midomo miwili ya bure."

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Siku moja asubuhi kuku waliingia jikoni, wakamwaga unga. Bi Fatu alikasirika, akapiga ukelele, "Fora!" Sikulielewa neno. Kuku walitawanyika kidogo, lakini Jumapili, aliyekuwa amejilaza kule kwenye uzio, aliinuka, akaweka mkia katikati ya miguu, akatoka uwanjani, akaenda kukaa barabarani. Akakaa pale mpaka jioni nilipokwenda kumchukua.

Nikamwambia Zuhura, mbona kiziwi amesikia? Akasema labda aliona mkono wa mama. Tukaliacha.

Ngoja ninywe maji.

Nimerudi.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Mahindi yamekomaa, Mjomba Chande anategemewa wakati wowote. Mimi nilikuwa mwisho wa shamba natengeneza uzio. Zuhura alikuwa katikati anavunja mahindi, tumbo limeshakuwa kubwa. Bi Fatu alikuwa chini ya mkorosho anaokota kuni, na Jumapili amelala hatua kadhaa kutoka kwake, maana alikuwa na tabia ya kumfuata yule mama popote, na yule mama alikuwa na tabia ya kumkalia mbali.

Nyani wakaja kundi zima. Zuhura akawapigia kelele. Wengine wakarudi nyuma. Lile dume halikurudi.

Wanaojua nyani wanajua hawaogopi wanawake. Lilimjia. Likafungua mdomo likaonesha yale meno. Zuhura akarudi nyuma, akajikwaa kwenye tuta, akaanguka.

Nikakimbia. Nilikuwa na panga lakini nilikuwa mbali, na matuta ya mihogo hayakimbiliki. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena. Naona kila kitu na sifiki. Wakuu, mpaka leo nikiota vibaya huwa naota matuta.

Ndipo nikaisikia sauti ya Bi Fatu. Siyo sauti yake ya siku zote. Sauti nzito, ya amri, utadhani kuna mwanaume amesimama ndani yake.

"Pega!"

Jumapili aliondoka kama jiwe la manati.

Sikuwahi kumwona mbwa anakimbia vile. Hakubweka hata kidogo. Alilipiga lile dume ubavuni, wakaviringishana, vumbi, manyoya, kelele za nyani wengine wakitawanyika porini. Nyani dume anaweza kumchana mbwa akafa, na lilimchana kweli, kifuani. Lakini hakuachia.

Nikafika kwa Zuhura, nikamwinua. Alikuwa mzima. Dume likajinasua, likakimbia huku linachechemea, Jumapili nyuma yake anaelekea porini.

"Larga!" Bi Fatu akaita. "Larga! Vem ká!"

Mbwa akasimama pale pale. Akageuka. Akarudi akitiririka damu, akatupita sisi, akaenda moja kwa moja kwa Bi Fatu.

Yule mama alikuwa ameshikilia ukuni mmoja mbele yake kwa mikono miwili. Mbwa anazidi kusogea.

"Senta," akasema, sasa kwa sauti ndogo.

Jumapili akakaa. Akamtazama usoni, masikio yote mawili wima, hata lile lililochanika.

Walikaa wakitazamana. Sikuthubutu kusogea. Mwishowe Bi Fatu akashusha ukuni, na kwa mara ya kwanza tangu nioe bintiye akanisemesha mimi mwenyewe, uso kwa uso.

"Nkwe," akasema, maana kwao mkwe ni nkwe, "mbwa huyu si kiziwi. Huyu ni Nreno."

Hapo ndipo tulipojua. Yale yalikuwa maneno ya Kireno, Bi Fatu aliyasikia kule ng'ambo, mbwa wakiamriwa. Fora, toka. Larga, achia. Pega, kamata. Hilo ndilo neno alilofunguliwa nalo yule mbwa aliyemng'ata. Alikuwa ameapa kutoliweka mdomoni maisha yake yote.

"Limetoka lenyewe," akasema.

Jioni ile aliweka maji ya chumvi motoni, akamwosha Jumapili kidonda kwa kitambaa alichofunga kwenye kijiti, asimguse. Mimi nimemshika kichwa. Kila mbwa akijitikisa, anamwambia, "Kietu," yaani tulia, anatulia. Alipomaliza akaosha mikono kwa udongo, akarudia, akarudia, kisha akamletea dagaa.

Na akambadilisha jina.

"Jumapili siku ya watu," alisema. "Huyu ataitwa Patarau."

Patarau ni patrão, Kireno, maana yake bosi, bwana mkubwa wa shamba. Kuanzia siku hiyo ikawa kila asubuhi kijiji kizima kinamsikia Bi Fatu: "Patarau, deita! Patarau, fora! Patarau, utakula wakishakula watu!" Alikuwa anafurahi mwenyewe, na mimi nilichelewa kidogo kuelewa kinachomfurahisha.

Akaanza kunifundisha na mimi maneno. Masomo yalikuwa magumu. Nikisema "senta" kwa ulimi wangu wa Ufukoni, Patarau anainamisha kichwa upande mmoja, Bi Fatu anasema, "Sema kama umeshiba, nkwe. Wale walikuwa wanasema wakiwa wameshiba."

Nikajaribu kusema kama nimeshiba. Mbwa akakaa.

Nyani wakahama upande wetu. Sisemi waliisha, walihamia kwa majirani, na majirani wakaanza kuja kuomba Patarau kwa siku moja moja. Ikabidi waje na Bi Fatu, kwa sababu bila yeye mbwa alikuwa mgumu. Mama mkwe wangu akawa anapita mashambani na mbwa nyuma yake, ametulia, kanga begani.

Sasa Mjomba Chande.

Alikuja baada ya jeraha la Patarau kupona. Mzee mrefu, mkimya, kofia ya kazi ya mkono, ndiye mwenye sauti ya mwisho katika ukoo. Tukatandika mkeka uwanjani. Mimi nimevaa kanzu ya kuazima, nimekaa pembeni. Zuhura yuko mlangoni. Kikao cha kunijadili mimi.

Mjomba akiwa anasogea kuja kwenye mkeka, Patarau akamtokea mbele. Hakubweka, alisimama tu njiani. Mjomba akaganda.

Bi Fatu, akiwa jikoni, bila hata kugeuka, akasema kwa ile sauti yake:

"Senta!"

Patarau akakaa.

Na Mjomba Chande akakaa.

Nawaapia. Mzee mzima alikunja magoti akakaa kwenye mchanga, bakora pembeni, mbele ya mbwa. Naye alifanya kazi kwenye shamba lile lile la minazi akiwa kijana. Mwili ulisikia kabla yake.

Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Kucheka kikao chako mwenyewe ni kujirudisha Ufukoni.

Mjomba akamwangalia mbwa. Mbwa akamwangalia mjomba. Wote wamekaa.

Bi Fatu akatoka jikoni, akaona. Akashika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika. Mjomba naye akaanza, kwanza kama anakohoa, halafu kofia ikamwanguka. Walicheka wale wazee wawili mpaka machozi, wakawa wanatupiana maneno ya Kimakonde na Kireno nisiyoyaelewa, mmoja akinyamaza mwingine anasema neno moja, wanaanza upya. Halafu nikaona machozi ya Bi Fatu yanaendelea wakati kicheko kimeisha, na kaka yake akamsogelea akamshika mkono, wakakaa hivyo.

Zuhura alikuwa ameshaingia ndani. Alikuwa hajawahi kumwona mama yake akilia.

Baadaye chakula kikaliwa, ming'oko, vile viazi vya porini, na kuku, mmoja wa wale wasikilizaji wa siku zote. Mjomba akajifuta mikono, akauliza, "Haya. Tuliitana kwa jambo gani?"

Bi Fatu akasema, "Jambo la nkwe wangu."

"Ana nini?"

"Hana kitu. Anabaki."

Kikao kikafungwa.

Mtoto wetu alizaliwa, wa kike, tukampa jina la bibi yake. Patarau alikaa nje ya mlango muda wote wa uchungu, na wakunga wakawa wanamruka. Nilikwenda mjini kumpelekea habari Mama Mbwa. Nilipomwambia lugha ilikuwa Kireno alijipiga paji la uso, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Na mimi nilimsomea hadithi za Kijerumani." Akacheka, lakini macho yalikuwa mekundu. Alikuwa ameshajiandaa kurudi kwao, umri umekwenda, na kila mbwa aliyempatia mahali alikuwa anamhesabia kama mtoto aliyemwozesha.

Msumbiji ikapata uhuru. Siku kadhaa baadaye Bi Fatu akatangaza kwamba anataka kwenda kuliona kaburi la mama yake. Mjomba Chande akasema atafuatana naye.

"Na Patarau naenda naye," akasema. Alinitazama mimi. "Kama nkwe ataniruhusu. Mbwa ni wake."

Sikutaka, nawaambia ukweli. Lakini nilimwambia, "Mama, huyo mbwa tangu lini alikuwa wangu?"

Tuliwasindikiza mpaka mtoni, kule Ruvuma inakokaribia kuingia baharini, pana mikoko na maji mapana ya rangi ya chai. Mwenye mtumbwi akamwona mbwa, akaanza kusema mbwa hapandi, atawatisha abiria, ata...

"Deita," akasema Bi Fatu.

Patarau akapanda, akajilaza katikati ya mtumbwi, kidevu juu ya miguu. Mwenye mtumbwi akachukua upondo.

Bi Fatu hakurudi. Alipaona kwao, akapewa mahali pa kulima karibu na ile minazi, akabaki. Sisi tulikuwa tunakwenda kumtembelea kila tulipopata nafasi, na wachuuzi wa samaki wakavu wakileta salamu katikati. Salamu ninayoikumbuka kuliko zote ilikuja mwaka uliofuata. Mchuuzi alisimama mlangoni, akaikariri kama alivyotumwa:

"Bi Fatu anasema, mwambieni nkwe wangu, Patarau sasa anasikia Kimakonde. Imechukua muda lakini amejua. Yale maneno mengine hatuyatumii tena hapa nyumbani."

Mama watoto ameacha kuchambua mchele hapa. Tumpe dakika.

Haya wakuu, mafunzo yangu ni machache.

Yule kijana aliyeuliza juzi, kama bado unapita humu kimya kimya, nenda kachukue mbwa. Usimwangalie yule anayekurukia tu. Mwangalie na yule wa nyuma kwenye kivuli. Ukimwona kama kiziwi, kwanza uliza kabla yako aliishi na nani, na waliokuwa wanamsemesha walimsemesha nini.

Na ninyi mliooa mkaona mama mkwe hakusikii, ushauri ni huo huo. Ila yeye usimwambie senta.

Uwanja ni wenu. Mliowahi kuokota mbwa, paka, hata kasuku, tuwekeeni hapa mlivyoishi nao. Wenye matusi wayaweke kwa adabu, maana comment zote nitamsomea Zuhura, na ungo bado anao mkononi.